Naomba ushauri: pikipiki ya kwanza kwa anayeanza, njia yangu ni Ilboru hadi Usa River

Mwalimu wa Ilboru (mwanzisha uzi)

Heshima zenu wakuu. Mimi ni mwalimu, nakaa Ilboru juu, nafundisha Usa River. Kila asubuhi napanda kifodi hadi barabara kuu, halafu Hiace ya Usa. Jumatano ndiyo balaa, soko la Tengeru likijaa nafika shule kipindi cha kwanza kimeshaanza. Nimeamua kununua pikipiki.

Sijawahi kuendesha hata siku moja, ila baiskeli naijua vizuri. Urefu wangu ni sentimita 158, mwili mdogo. Nimetenga milioni tatu na nusu kwa kila kitu: pikipiki, leseni, bima na helmeti. Nilipouliza kijiweni Sanawari kila mtu alinitajia ya kwake. Mmoja Boxer 150, mwingine TVS HLX, mwingine akaniambia nitafute Honda XL iliyotumika kwa sababu huku ni mlimani. Kuna jirani anauza SanLG kwa bei ya chini sana. Nimebaki njia panda. Nataka ya kwenda kazini na kurudi, na siku nyingine kumpeleka mwanangu wa darasa la tatu shuleni. Karibuni.

Dereva wa Sokon

Dada, chukua Boxer 150 na usiangalie nyuma. Spea zipo kila kona kuanzia hapa Sokon hadi vijijini kabisa, kila fundi anaijua, na ukichoka unaiuza siku hiyo hiyo. Mimi niko nayo barabarani kutwa nzima, napakia abiria hadi Moshono juu na haijawahi kunilaza njiani. HLX nayo ni ngumu, siikatai. Hizo nyingine utahangaika.

Kijana wa Pasua

Mimi niko Moshi. Kwa maoni yangu ukinunua ndogo utaichoka baada ya miezi mitatu, halafu unaanza kutafuta hela ya kubwa. Bora ujikaze mara moja uchukue 250 ya michezo hata kama ni mtumba. Barabara yenyewe ni lami tupu hadi Usa.

Mzee wa Cheni

Mwalimu, karibu. Nimeendesha pikipiki kwa kazi ya ugani tangu enzi za Yamaha AG100, kwanza Machame, baadaye huku Arumeru, na vijana wengi wa idarani nimewashika mkono mimi. Naomba usome taratibu kwa sababu hili jambo nalichukulia kwa uzito.

Kijiweni walikujibu ipi ni nzuri. Hawakukosea, Boxer ni nzuri na HLX ni nzuri. Ila mtu wa bodaboda anachagua chombo cha kubeba watu na magunia kutwa nzima, na anakitazama kwa jicho la siku atakayokiuza. Kuendesha anajua tayari. Wewe unachagua chombo cha kujifunzia, na kitakachokuangusha miezi ya mwanzo si mwendo, ni kusimama. Anayeanza huanguka akigeuza uani. Huanguka akisimama kwenye mteremko kumpisha mtu wa mkokoteni, anashusha mguu, mguu unakuta shimo, pikipiki inalala. Arusha na Moshi zimekaa chini ya milima, ukitoka barabara kuu kwenda kaskazini unapanda, ukirudi unashuka. Kwa hiyo cc, yaani ujazo wa injini, iwe swali la pili. La kwanza ni hili: ukikaa juu yake, miguu yako inafika chini sawasawa?

Nenda dukani umevaa viatu vile utakavyoendeshea. Panda, ondoa stendi, iweke wima. Nusu ya mbele ya nyayo zote mbili ikae chini bila kujinyoosha, na mguu wa kushoto peke yake uweze kukaa chini wote bila kulazimika kuteleza upande wa kiti. Ilaze kidogo kushoto, irudishe. Ilaze kulia, irudishe. Kisha shuka, shika usukani, isukume kurudi nyuma hatua kadhaa na uigeuze, muuzaji asikusaidie. Ikikushinda kwenye sakafu tambarare ya duka, kwenye mawe ya Ilboru itakulalia. Muuzaji akikataa usifanye hivyo, nenda duka la pili.

Kwa kipimo hicho Honda XL nakushauri uiache kwa sasa. Ni pikipiki ninayoiheshimu sana. AG200 pia, ile ilibuniwa kwa ajili ya mashambani, mnyororo umefunikwa wote na ina stendi pande zote mbili. Lakini viti vyake viko juu na shokapu ni ndefu, na kwa sentimita 158 utakuwa unasimama kwa ncha za vidole. Ukishazoea mwaka mmoja, rudi uzitazame.

Sasa cc. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400, Ilboru juu zaidi. Ndiyo maana pikipiki ya cc 100 iliyokuwa inavuta vizuri Tanga inalia gia ya pili huku ikiwa na watu wawili. Kwa mtu mmoja mwepesi kama wewe itafika, ila utakuwa unaikamua kila siku, na pikipiki inayokamuliwa inamfanya mgeni ashindwe kuanza kwenye mlima. Kwa hiyo 100 ni ndogo kidogo kwa njia yako. 150 inatosha na kubaki, lakini ina uzito zaidi kwa kitu usichokihitaji ukiwa peke yako. Mimi ningekwenda kwenye 125 mpya, TVS HLX 125 au ndugu zake wa daraja hilo ambao fundi wa karibu yako anawajua. Ikiwa utakaa juu ya Boxer 150 na miguu ikafika vizuri na ukaimudu kuisukuma, sitakuzuia. Mwili wako ndio unaamua.

SanLG ya jirani sijaiona, sitaisema vibaya. Ila anayeanza na pikipiki yenye kasoro hajui kosa ni lake au ni la chombo. Ikizimika kwenye mlima hajui kama kaachia klachi vibaya au kabureta imeziba. Kwa sababu hiyo, kama bajeti inaruhusu mpya, chukua mpya.

Kijana wa Pasua, mdogo wangu, nimekusoma. Ulaya tangu Januari 2013 anayeanza na leseni ya daraja la mwanzo haruhusiwi kuzidi cc 125 na kilowati 11, ambazo ni kama nguvu farasi 15. Daraja linalofuata mwisho ni kilowati 35. Boxer 150 ina nguvu farasi 12 hivi. Wenzetu wana barabara nzuri kuliko zetu na bado wanamzuia mgeni, hasa kijana, asiruke ngazi. Hiyo 250 ya michezo inamlaza mtu kwenye tangi, uzito wote unakwenda viganjani, na kwenye matuta ya Usa River na Maji ya Chai atajuta. Spea nazo ataagiza.

Jingine mwalimu. Mwaka 1981 Marekani kulitoka ripoti ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Yeye na wenzake walifika kwenye ajali za pikipiki zaidi ya 900 Los Angeles, wakapima na kuhoji papo hapo. Zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa na pikipiki ile waliyoanguka nayo kwa chini ya miezi mitano, hata kama wengine walikuwa wameendesha nyingine kwa miaka. Na walio wengi sana walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Ajali ya pikipiki na gari iliyotokea mara nyingi zaidi ilikuwa gari linalokata mbele ya pikipiki kuingia barabara nyingine, dereva anasema hakuiona. Kule wanaendesha kulia, gari linakata kushoto. Kwetu ni gari linalotoka upande wa pili likikata kulia mbele yako. Ukitoka Sanawari hadi Tengeru kwenye zile njia nne utaliona kila siku pale kwenye nafasi za kugeuzia.

Mwalimu wa Ilboru

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, hili la miguu hakuna aliyeniambia. Leo jioni nimepita duka moja mjini, Boxer 150 nimeimudu kukaa lakini kuisukuma nyuma nimetoka jasho. HLX 125 imekaa vizuri zaidi.

Nina maswali. Je, skuta isiyo na gia si rahisi zaidi kwangu? Na mafunzo nipate wapi, maana mume wangu anasema atanifundisha yeye Jumapili. Tena mimi huvaa sketi kazini.

Dada wa Njiro

Mwalimu, mimi naendesha skuta miaka mingi, Njiro hadi Mnara wa Saa. Kwa lami ni raha, hakuna klachi, hakuna gia, miguu inakaa mbele na sketi haisumbui. Lakini nitakuwa mkweli kwako, magurudumu yake ni madogo. Shimo ambalo pikipiki inapita juu yake, skuta inaingia. Siku ya mvua kwenye njia ya mawe siitoi kabisa. Kama kipande chako cha kwenda nyumbani ni kibovu, usiende na skuta.

Fundi wa Mbauda

Wakuu naongezea kwa wanaosoma huu uzi na hela ya mpya haitoshi. Nimekuwa fundi hapa Mbauda muda mrefu, naona watu wanaletewa pikipiki zimepakwa rangi na kuwekewa kiti kipya, ndani zimekwisha.

Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na asiiwashe. Ukifika, cha kwanza weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujaja ili isikusumbue kuwaka mbele yako, na hapo kuna kitu anakificha. Injini ikiwa ya baridi iwashe kwa kiki, iache ikae bila resi. Sasa tazama ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ringi au sili za valvu zimekwisha, hesabu hela ya kufungua injini. Moshi mweusi kidogo ni mafuta mengi, hiyo ni kabureta, si tatizo kubwa, hasa kama pikipiki imetoka ukanda wa chini ikaja huku juu.

Njoo kwenye cheni. Shika pingili iliyo nyuma kabisa ya sproketi, lile duara la meno linalovutwa na cheni, ivute kwa nje. Ikiachana na sproketi hadi unaona karibu nusu ya jino, cheni imeisha. Meno yakiwa yamepinda kama ndoano, sproketi pia imeisha, na vyote hubadilishwa pamoja.

Nyanyua gurudumu la mbele, mtu mmoja akalie nyuma. Zungusha usukani polepole kutoka upande hadi upande. Ukihisi unakwama katikati, beringi za usukani zimekula, na hiyo pikipiki ukiipeleka mwendo itakuwa inatafuta njia yake yenyewe. Kisha shika gurudumu juu na chini, litikise. Lisicheze.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini, waya wake huchomolewa kirahisi. Tazama raba za kukanyagia na pedali ya gia. Pikipiki inayosemwa imetembea kidogo haiwezi kuwa na raba zilizolika hadi chuma. Tazama chini ya tangi pale shingo ya chesisi ilipoungwa, na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Ukikuta mshono wa kuchomelea usiofanana na wa kiwandani, ilipata ajali kubwa. Ondoka.

Mwisho kadi. Namba ya chesisi na ya injini zisome mwenyewe kwenye chuma, zilinganishe na kadi halisi, usikubali kopi. Nyingi zilikuwa za mkataba au za mkopo, kadi iko kwa mwenye pesa. Kama anayekuuzia jina lake halipo kwenye kadi, mwenye jina aje mwenyewe asaini mkataba wa mauziano, halafu mwende TRA mbadilishe umiliki. Hela ya mwisho itoke hapo.

Mzee wa Cheni

Marahaba mwalimu. Fundi, ubarikiwe, umesema yote ya mtumba na sina la kuongeza.

Kuhusu skuta, Dada wa Njiro amekujibu vizuri. Kwa lami peke yake ningekuruhusu. Kwa mawe ya kwenu, hapana.

Sketi. Badilisha nguo shuleni. Vaa suruali nzito na viatu vinavyofunika vifundo, sketi iwe kwenye begi. Kanga, mtandio mrefu, kamba za koti la mvua, vyote vifungwe au viachwe. Kitambaa kikiingia kwenye cheni au spoki za nyuma kinamvuta mtu chini kabla hajajua kinachotokea, na nimewaona akina mama waliokaa upande kwenye bodaboda wakiumia hivyo.

Mafunzo. Mume wako anakupenda na nia yake ni njema, muache akusaidie mazoezi, lakini msingi upate kwenye chuo cha udereva kinachotambulika. Cheti chake utakihitaji kwenye kuomba leseni hata hivyo. Kwanza unakata leseni ya kujifunzia, unasoma, unafanya mtihani wa polisi wa usalama barabarani, ndipo TRA wanakutolea leseni. Pikipiki ni daraja A, na ndani yake mna mgawanyo. A yenyewe ni ya pikipiki zinazozidi cc 125 au kilo 230, A1 ni za chini ya hapo, A2 ni za magurudumu matatu kama bajaji, A3 ni zile ndogo zisizozidi cc 50. Kadi ya pikipiki huonyesha ujazo wa injini, linganisha na leseni. HLX 125 kwa kipimo halisi ni cc 124 na nukta, Boxer 150 ni karibu 145. Usije ukasomea moja ukanunua nyingine.

Mafunzo hayo ninayoyataka uyapate ni haya mambo mawili kwa undani, mengine yatakuja.

La kwanza ni kuanza kwenye mlima. Tafuta mteremko mfupi usio na magari. Simama ukiangalia juu. Mguu wa kulia uko kwenye breki ya nyuma na hautoki, mguu wa kushoto uko chini. Klachi imeshikwa yote, gia ya kwanza. Ongeza resi kidogo hadi injini ingurume kwa sauti moja, usiichezeshe. Sasa achia klachi taratibu sana, kwa vidole, sio kwa kiganja. Kuna mahali utasikia sauti ya injini inazama na kiti kinakuinua kidogo kwa nyuma, pikipiki inataka kwenda lakini breki imeishika. Simama hapo hapo. Usiachie zaidi, usikamate tena. Ongeza resi nywele moja, ndipo uinue mguu wa kulia polepole. Itaondoka yenyewe bila kurudi nyuma hata kidogo. Ukishafika hapo achia klachi iliyobaki. Rudia hadi mkono wako wa kushoto ujue pale mahali bila wewe kufikiri. Anayeimudu hiyo hatishwi na mlima wowote wa Ilboru wala wa Kibosho, na asiyeimudu atakuwa anakokota miguu yote miwili huku Hiace inampigia honi nyuma.

La pili ni breki ya mbele. Bodaboda wengi huambiana wasiiguse, wanasema inapindua. Ukiibana ghafla kwenye mchanga, kweli itakutupa. Kwenye lami kavu ndiyo inayosimamisha, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unahamia gurudumu la mbele na la nyuma linabaki jepesi, likibanwa linaburuta. Ibinye kwa vidole viwili, kidogo kwanza, kisha zaidi pikipiki inapoinama. Fanya kwenye uwanja kutoka mwendo mdogo. Na ujue ukiwa kwenye 50 unapita karibu mita 14 kila sekunde, kwenye 80 mita 22. Hiyo ni sekunde ya kuona tu, kabla kidole hakijagusa breki. Kwenye makazi ya watu mwisho ni 50 kisheria, nawe miezi ya mwanzo usizidi hapo hata kwenye njia nne.

Bima ndogo ni lazima, na ukilipia, hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa simu kabla ya kuondoka dukani.

Mtoto. Mwalimu, hapa nitakuwa mkali kidogo, nisamehe. Usimpakie hadi uwe umeendesha masika moja na kiangazi kimoja ukiwa peke yako. Abiria hubadilisha kila kitu, breki, kona, kuanza mlima. Na hata wakati huo, kama nyayo zake hazifiki kwenye vikanyagio vya nyuma na hawezi kukushika kiunoni mwenyewe, hajafika umri wa kupanda. Akifika, awe na helmeti yake inayomtosha yeye.

Nimeiacha helmeti mwisho makusudi kwa sababu nataka uikumbuke. Hela yake itoe kwanza, kabla ya pikipiki. Usichukue ya bure inayokuja na pikipiki ukadhani kazi imeisha. Chukua inayofunika kidevu. Ivae dukani kwa muda, mashavu yabanwe kidogo, funga mkanda, kisha jaribu kuizungusha kwa mikono. Ikizunguka na uso ukabaki, ni kubwa. Jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma kwenda mbele mkanda ukiwa umefungwa. Ikitoka, itatoka barabarani pia. Tafuta alama ya usalama ya ECE, herufi E ndani ya duara na namba pembeni. Kinachookoa ubongo ni lile povu gumu la ndani, si lile ganda linalong'aa, na povu likishagandamizwa na ajali moja halirudi, kwa hiyo helmeti ya mtumba hujui imeshapigwa au la. Tafiti zilizokusanywa na kupimwa pamoja, zile ambazo hata Shirika la Afya Duniani huzitumia, zilionyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Mkazi wa Kibosho

Naongeza la masika. Sisi huku Kibosho, Machi hadi Mei, udongo wetu unakuwa sabuni. Wanaoanza hufanya kosa moja, wanashuka wameshika klachi ili pikipiki iende taratibu. Ukishika klachi injini haikushikilii tena, unabaki na breki tupu, na breki kwenye tope ni kuanguka. Weka gia ya kwanza au ya pili, achia klachi yote, resi funga, injini itakushusha yenyewe. Breki ya nyuma iguse kidogo tu. Na tairi za lami zilizokuja na pikipiki zikilika, nunua zenye vifundo kiasi, si zile za mashindano, maana hizo kwenye lami yenye maji zinateleza.

Ukitoka Arusha kuja Moshi pia angalieni lile eneo la wazi kati ya njia panda ya KIA na Boma Ng'ombe. Upepo wa ubavuni, halafu basi kubwa linakupita. Shika usukani kwa ulegevu, usiukaze.

Kijana wa Pasua

Mzee nimekuelewa, na fundi pia. Nimekwenda kukalia ya rafiki yangu kwa kipimo chako, kuisukuma nimeweza lakini kuigeuza uani imenishinda. Nitaanza na 125. Umeme je? Nimeona zimeanza kuingia.

Mzee wa Cheni

Vizuri sana mdogo wangu. Za umeme ni nyepesi kuanza kwa sababu hazina klachi, ila uliza mambo mawili kabla: betri inachajiwa au kubadilishwa wapi karibu na kwenu, na ikipanda kutoka Pasua hadi Kibosho na abiria inabakiza kiasi gani. Mlima hula betri haraka kuliko karatasi ya dukani inavyosema. Ukipata majibu hayo kwa mtu anayeitumia huko huko, amua.

Mwalimu wa Ilboru

Wakuu nimerudi. Helmeti nilinunua kwanza kama mzee alivyosema. Leseni nimepata, na wiki hii nimechukua HLX 125 mpya. Kuanza mlima nimefanyia mazoezi kwenye njia ya nyuma ya kwetu hadi majirani wakazoea. Kwa sasa naishia Sanawari na kurudi, na asubuhi na mapema Jumapili nafika Tengeru magari yakiwa machache. Usa River bado naenda na Hiace hadi nijiamini.

Swali langu, muuzaji kaniambia niizoeshe injini mpya kwa kwenda mwendo mmoja wa polepole hadi kilomita 1,000. Na cheni naona imelegea, nikaze?

Mzee wa Cheni

Hongera sana binti yangu, na umefanya vizuri kwenda hatua kwa hatua.

Injini mpya usiikamue, lakini usiiendeshe mwendo mmoja pia. Badilisha badilisha, gia ya tatu, ya nne, punguza, ongeza, ili ringi zikae vizuri kwenye silinda. Usipande mlima kwa gia kubwa huku injini inalia chini chini, shusha gia. Oili ya kwanza hutoka mapema, kwenye kilomita 500 hivi, fuata kitabu chako, kwa sababu ile ya mwanzo hubeba chembe za chuma. Weka ya pikipiki, si ya gari, kwa maana klachi yako inaoga kwenye oili hiyo hiyo na oili nyingine za gari huifanya iteleze.

Cheni mpya hulegea mwanzoni, ni kawaida. Weka stendi ya kati, shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, inyanyue na kuishusha kwa kidole. Icheze sentimita mbili hadi tatu. Zungusha gurudumu upime mahali pengine, maana haikazi sawa kote, na pale inapokaza zaidi ndipo unapopimia. Ikizidi hapo mpelekee fundi akaze pande zote mbili kwa alama zinazolingana, asimame pembeni yako ukimwangalia. Isikazwe hadi ikawa kama waya, kwa sababu ukikaa juu yake inakaza zaidi na beringi ndizo zinazolipa. Ukishuka hapo Mbauda, yule Fundi wetu wa kwenye uzi yuko karibu.

Fundi wa Mbauda

Aje, nitamkazia bila malipo. Aje na kitabu chake pia, tutaangalia pamoja upepo wa tairi. Zinazotoka dukani mara nyingi zimejazwa kupita kiasi.